Mwenye Ufunguo Mwingine

Dada yangu nampenda, lakini siku ile ya mazishi nilitamani kumzaba kibao mbele za watu.

Kazi yake ni kulinda mali za watu asiowajua. Kampuni yao inatunza hati za hisa na dhamana, nyingi za wastaafu, kwenye chumba cha chini chenye mlango wa chuma. Mlango una funguo mbili. Mmoja anashika yeye, wa pili anashika mtu mwingine, na hakuna anayeingia peke yake. Sharti kubwa ni kwamba hao wawili wasiwe ndugu, wala mke na mume. Watu wa nyumba moja wakipatana, mali inaondoka na asijue mtu.

Sasa yule mwenye ufunguo mwingine ndiye aliyekuja kuwa shemeji yangu. Mtu mpole, mwenye utani wa chinichini. Aliniita "hakimu" kwa jinsi nilivyomhoji siku alipokuja kujitambulisha. Mapenzi yaliwakuta wameshashika funguo. Wakaoana kimyakimya, mashahidi mama yake shemeji na mimi tu, wakapanga nyumba upande wa pili wa mji. Asubuhi wanatoka kwa kupishana, na kazini salamu zao ni za kupita tu.

Niliwaambia mapema, mmoja aombe kuhamishwa. Shemeji akawa anasema subiri kidogo, nafasi ya juu inakuja. Nafasi haikuja ng'o. Miaka ikapita, na kusema kukawa kugumu kuliko kunyamaza, kwa sababu kama wangejulikana, ingeonekana kila mara walipofungua ule mlango pamoja walikuwa wanaiba. Na hawakuchukua hata pini, nakuapia.

Kisha asubuhi moja shemeji akaanguka bafuni, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Daktari alisema ni moyo.

Dada alikuja kwangu sauti imemkauka, akaniambia ataenda mazishini na gari la ofisi. Nikamuuliza kama akili zake ni timamu. Akasema akijitokeza kama mjane, ukaguzi utaanza mara moja, na marehemu hana mdomo wa kujitetea. Watamwita mwizi. Akaniapisha nisimweleze mtu sababu hiyo, hata mama mkwe wake. Nikaapa kwa hasira.

Basi kaburini mama wa marehemu alikaa mbele, pembeni yake kiti kitupu. Dada alisimama na wenzake wa kazini, hatua chache tu nyuma yake. Msimamizi wa shughuli akamwita mke wa marehemu aje atie udongo wa kwanza. Hakuna aliyetoka. Watu wakaanza kutazamana. Meneja akamwinamia dada.

"Kumbe jamaa alikuwa na mke? Wewe ndiye umefanya naye kazi miaka yote, uliwahi kumwona?"

"Hapana," dada akasema. "Sikuwahi kumwona."

Yule mama alisikia. Aligeuka, akamtazama dada kwa muda mrefu, akimpa nafasi. Dada aliangalia chini.

"Endeleeni," mama akasema. "Mwanangu hakuwa na mke."

Dada akasubiri zamu ya watu wa ofisi, akatia udongo wake pamoja nao, akapanda gari lao akaondoka. Mpaka leo yule mama hapokei simu yake, na mimi nimeapa kunyamaza.