Deki ya Kaka Kule Kahororo

Mlio wa kwanza ulikuwa wa kukwaruza, mfupi na mkavu, kama wa kisu kinachopitishwa juu ya sahani ya bati. Wa pili ulikuwa laini zaidi, na ndio ulionitia hofu: utepe wa video ukikunjwakunjwa ndani ya mashine, taratibu, kama karatasi mkononi mwa mtu asiye na haraka. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Deki haikutii. Nikachomoa plagi ukutani, na yule mtu aliyekuwa akiruka ukuta kwenye runinga akapotea akiwa bado hewani.

Kanda iliyoliwa ilikuwa ya filamu ya karate, mojawapo ya zile ambazo kaka yangu aliwaonyesha wavuvi kule Goziba, kwa jenereta, enzi zake za kununua samaki visiwani. Haikuwa na thamani. Niliiweka makusudi, kwa sababu kitabu cha maelezo ya mashine kilionya kwamba deki iliyokaa muda mrefu bila kutumika ijaribiwe kwanza kwa kanda usiyoijali. Kanda niliyoijali ilikuwa kwenye mkoba wangu, imefungwa katika kitambaa, na haikuwa na nakala.

Kaka alikuwa amefariki kabla ya mvua za vuli. Miezi michache kabla ya hapo, mwili ukiwa umeshaisha lakini sauti ikiwa bado yake, alikodi kamera kwa mpiga picha mmoja wa harusi, akaketi kwenye kiti chake sebuleni, akasema anachotaka kifanyike baada yake. Aliyeishika kamera ni mkewe, wifi yangu, muuguzi. Hakuwapo mtu mwingine. Mimi alinikabidhi kanda nilipokuja likizo, na kilichomo alinieleza kwa mdomo tu: nyumba ya Kahororo, hiyohiyo tuliyokuwamo, ni ya mke wake na binti yao, asije mtu akawatoa. Baba mdogo, kwa upande wake, alikuwa akisema kwamba marehemu alimwambia jambo tofauti kabisa wakiwa pwani ya ziwa, na kwamba nyumba ni ya ukoo. Jumamosi iliyokuwa inakuja ukoo ungekaa kumtangaza omusika, yaani mrithi, na kugawa vilivyoachwa. Mpiga picha alikuwa ameshahamia Mwanza na kamera yake, ambayo nayo ingeweza kuichezesha kanda. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita na mama yake wangepata au wangekosa pa kuishi kutegemea kanda moja na mashine moja, na mashine ilikuwa imeanza kutafuna.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya kemia, na nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kila badiliko lina kisababishi kinachoweza kutafutwa. Niliketi mbele ya ile deki nikaanza kukitafuta, na bila kukusudia nikajikuta natafuta mtu. Kitambaa cha kufuma ambacho mama hukitandika juu yake kilikuwa kimegeuzwa, upande wa ndani nje. Plagi haikuwa kwenye soketi iliyozoeleka. Skrubu mbili za kifuniko zilikuwa na mikwaruzo mipya. Nani alilala sebuleni siku zote za matanga? Baba mdogo. Nani alisema mbele ya watu, akicheka, kwamba siku hizi wafu wanataka kutawala kwa runinga? Baba mdogo.

Sikumwambia mama. Vita vya mpakani vilituachia tabia ya kukumbuka nani aliingia na nani alitoka. Wanajeshi walipokuwa wakipita, mama alizika redio kwenye kibanja, chini ya migomba, na aliporudi kuichimba alikuta shimo limefukiwa vizuri na redio haimo. Mwizi hakuwa mwanajeshi, maana wanajeshi hawakujua. Kisha ugonjwa ukaja, tukaanza kutazamana kwa namna nyingine: nani amekonda, nani ana kikohozi, nani hali chakula alichoandaliwa na fulani. Mimi nililelewa humo, na chuo hakikuniondolea.

Asubuhi niliibeba deki hadi kwa fundi wa mjini. Aliigeuza, akaipuliza vumbi, akauliza inatoka nyumba gani. Nilipomweleza, mikono yake ikatoka juu ya mashine.

"Pole sana kwa msiba, dada. Marehemu alikuwa anaumwa nini?"

"Kifua," nilisema, kama tulivyokubaliana nyumbani.

"Kifua," alirudia. "Sasa, dada yangu, wiki hii nimebanwa. Hapa unapoona, redio zote hizi zinanisubiri. Labda mwezi ujao."

Benchini kwake palikuwa na redio moja.

Niliingia duka la jirani, la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ni miongoni mwa chache zilizobaki Bukoba. Ndiye aliyemuuzia kaka ile deki. Alinihurumia kweli, akaniambia nilete kanda pale, anayo mashine nzima inayocheza kutwa. Nilitazama ilipo. Iliwekwa juu ya kabati, ikitazama barabara, na watu kama kumi wamesimama mlangoni wakitazama filamu bila kununua chochote. Nikamwona kaka yangu juu ya kabati lile, mifupa ya mashavu imemtoka, akisema mambo ya nyumba yake, na watu wakiulizana huyu si yule wa samaki? Vibanda vya video vya mjini vingekuwa vibaya zaidi. Nilikuwa na hakika kwamba wenye vibanda wangechukua nakala. Nilimshukuru mzee, nikaondoka.

Basi niliifungua mwenyewe. Sishauri mtu afanye hivyo, na kitabu chenyewe kilikataza, kwa sababu umeme hukaa ndani ya mashine kama ile hata baada ya kuchomolewa. Niliiacha bila umeme hadi siku ya pili. Niliondoa kifuniko kwa bisibisi, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo ili umeme usipate njia ya kunipita kifuani, nikatazama bila kugusa. Ile silinda ya chuma inayozunguka, ambayo mafundi huiita kichwa, na ambayo kwa kawaida hung'aa kama kijiko kipya, ilikuwa na madoa ya kutu. Roli ya mpira inayovuta utepe ilikuwa imevimba na kupasuka. Pembezoni mwa mlango wa kuingizia kanda palikuwa na unga mweupe, mwembamba. Niliinama nikanusa. Harufu ilikuwa hafifu, lakini ile harufu naijua kuliko manukato: klorini. Jiki, ya kufulia nguo nyeupe.

Hapo mawazo yangu yalihama kutoka kwa baba mdogo, na yalihamia mahali pabaya zaidi. Baba mdogo hakuwahi kufua hata leso. Mtu wa klorini katika familia yetu alikuwa mmoja, na alikuwa muuguzi. Lakini kwa nini mtu aharibu ushahidi unaomlinda? Labda haumlindi. Labda kaka alisema jingine mbele ya kamera kuliko alilonieleza mimi. Wifi peke yake ndiye aliyesikia. Na aliondoka siku chache baada ya mazishi, akarudi Muleba kwenye hospitali anakofanya kazi, bila kuniaga. Sasa nikauona mpango mzima: ameharibu deki, kisha atalia kwamba kanda ingesema nyumba ni yake. Nilikesha na fikra hizo, kila moja ikiegemea nyingine, na zote zilisimama vizuri.

Alhamisi jioni baba mdogo alifika na chupa ya rubisi, pombe ya ndizi, na shangazi wawili. Alikaa kwenye kiti cha kaka.

"Haya, msomi wetu," alisema. "Tunasikia mna sinema. Iweke tuitazame leo, Jumamosi tusipoteze muda."

"Haiwezekani, baba mdogo. Mashine ni mbovu. Nikiiweka itaila kanda."

"Itaila! Ina meno?"

Shangazi walicheka. Mmoja akasema, "Mae waitu, jamani, huyu amesoma mpaka anaogopa sanduku."

"Anaogopa kilichomo," alisema baba mdogo, na sasa hakuwa anacheka. "Kanda iko kwako. Hulali bila mkoba, nimeambiwa. Humpi mtu. Leo mashine mbovu, kesho kanda mbovu. Wewe na wifi yako mnatupikia nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Siku tatu nzima nilikuwa nimewashuku watu wote wa nyumba ile, na sikuona kwamba, kwa yeyote aliyekuwa akinitazama, mshukiwa nilikuwa mimi. Nilifungua mdomo nikaanza kueleza habari za kutu na roli ya mpira, na nikasikia jinsi maelezo yangu yalivyofanana na uongo: yalikuwa marefu mno na yamepangika mno.

"Nyie," alisema baba mdogo akiwageukia shangazi, "mmeelewa hata neno moja?"

"Kuna mtu aliimwagia jiki!" nilisema kwa sauti ambayo sikuikusudia. "Kuna mtu humu ndani aliingiza jiki kwenye mlango wa kanda!"

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya senene wa kukaanga. Aliiweka chini polepole.

"Sikumwaga," alisema. "Nilifuta."

Alikaa sakafuni kando ya sahani.

"Nilifuta pale alipokuwa anaingiza mkono. Alikuwa na vidonda vidoleni, mwana wange. Nilifuta rimoti, nilifuta swichi, vitasa vya milango. Nilichukua bisibisi nifute na ndani, ikanishinda, basi nikapitisha kitambaa kwa pale mbele. Nikakikamua papo hapo. Niliogopa kwa ajili ya mtoto. Anapenda kuchezea ile mashine."

"Shemeji," alisema baba mdogo, "kwani kifua kinafutwa kwa jiki?"

Mama alimtazama. Kwa mwaka mzima alikuwa amewaambia majirani, padri, na wanawake wa jumuiya kwamba mwanawe anaumwa kifua, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Na usiku, peke yake, alikuwa akiosha nyumba kwa dawa ya kitu ambacho hakukubali kukitaja.

"Unajua alichoumwa," alisema. "Na bilauri hiyo uliyoshika niliiosha kwa jiki pia. Kunywa."

Baba mdogo aliitazama bilauri. Aliiweka sakafuni, si mezani, akaifuta mikono yake kwenye suruali, kisha akajua kwamba tumemwona.

"Basi," alisema akisimama. "Mashine imekufa na maneno ya ndani yake yamekufa. Jumamosi tutaongea kwa midomo, kama wazee wetu. Mwenye nyumba asipokuwapo kujitetea, hilo si kosa langu." Walipofika uani nilimsikia shangazi mmoja akiuliza kama senene nao walioshwa.

Mama alibaki amekaa. Nilitaka kumweleza kwamba ugonjwa haukai kwenye rimoti, kwamba klorini na chuma havipatani, kwamba mtoto hakuwa hatarini hata kidogo. Nilimweleza tu kwamba kanda ni nzima. Yeye akasema, bila kuinua kichwa, "Hospitalini kwa wifi yako wana deki. Huwaonyesha wagonjwa mafundisho. Kwa nini hujampigia?"

Nilikuwa nimeshajua nani aliyefuta mashine, na kwa akili ya kawaida wifi alikuwa ameshatoka kwenye tuhuma. Lakini shaka niliyoijenga dhidi yake haikuanguka ilipopoteza msingi. Ilibaki imesimama. Bado kulikuwa na lile swali la kuondoka bila kuaga. Bado alikuwa yeye peke yake aliyeyasikia maneno. Na deki ikitoka mikononi mwake, ukoo utasema ameleta mashine yake iseme anayotaka. Nilipima hayo asubuhi yote ya Ijumaa, nikiyaweka huku na kuyatoa kule, hadi nilipogundua kwamba napima tu ili muda wa kupiga upite.

Posta nilimpa mtu wa mitambo ya simu namba ya hospitali, nikaingia kibandani na mkoba kifuani. Ilichukua muda kumtafuta wodini. Sauti yake ilifika kwa mbali, ikitanguliwa na mvumo wa waya.

"Wifi? Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni deki. Imeharibika, na ukoo unakaa kesho. Nahitaji ya hospitali. Ije usiku huu, ipumzike hadi asubuhi kabla ya kuwashwa, isije ikawa na unyevu wa njiani."

Nilimsikia akifunga mlango upande wake.

"Mmeitazama kanda?"

"Bado. Sijaiweka popote."

"Mimi nilijua mmeshaichoma," alisema. "Ndiyo maana niliondoka vile. Nilijua ukoo utaichoma, na kwamba wewe ndiye utakayewasaidia, kwa kuwa unayo."

Kumbe naye alikuwa ameketi kule Muleba akinishuku kama nilivyomshuku, kwa ushahidi uleule.

"Ina nini, wifi?" niliuliza. "Alisema nini?"

"Utasikia kwa mdomo wake. Nikikwambia mimi, utaniamini?" Hakungoja jibu. "Deki nitaomba kwa mganga mkuu. Atatuma mtu wake aje nayo, wasiseme ni yangu. Na mimi nitakuja na mtoto. Lakini nikifika nitalala wapi?"

"Chumbani kwako," nilisema.

Mtu wa mitambo akaingilia kutuambia kwamba dakika zimekwisha, na laini ikakatika kabla sijajua kama alinisikia.