Siku Niliyoshuka Kwenye Baiskeli Ndefu

Niliondoka nyumbani Maplewood, hapa Marekani, Jumapili asubuhi kwa sababu moja: nilitaka kuwa mwanachama wa klabu. Klabu yenyewe ni ya watu wanaoendesha baiskeli za enzi za Malkia Victoria, zile zenye gurudumu la mbele linalokufika kifuani na la nyuma dogo kama sinia. Nilikuwa nimejifunza miezi minne, nimechubuka magoti yote mawili, na wenzangu wa zamu hospitalini wamenicheka hadi wakachoka. Safari ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mtihani wangu.

Saa tatu jirani alinishusha kando ya mto, Minneapolis, pamoja na baiskeli yangu. Tulikuwa kumi, wote tumevaa makoti ya sufu, na jua limeshaanza kuchoma. Kapteni, mstaafu mwenye masharubu yaliyopinda, alinieleza kanuni za klabu za zamani. Kapteni hapitwi. Na hashuki mtu mpaka tarumbeta ilie.

"Ukishuka bila amri, anayekufuata hana pa kwenda," alisema.

Nilimwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Tukavuka daraja kuingia Saint Paul. Ukiwa juu kule unaona hadi ndani ya nyua za watu, nguo zao na mbwa wao. Nilifurahi, sitaficha.

Saa tano tulikuwa Barabara ya Summit, kwenye majumba ya kale. Penye kona alisimama Mama Nasra na mwavuli wake. Mama huyu wa Mombasa ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii, nikakaa kwake mwaka mzima. Alikuwa amekuja kunishangilia. Nilivyolelewa, humpiti mkubwa wako ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unamwamkia, ndipo unaendelea. Miguu yangu ilifika chini kabla ya akili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ai, mbona ume-stop? Na wenzako je?"

Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu alishaangukia nyasini akinikwepa, ameshika kiwiko kinachotoka damu. Nilimwomba radhi, nikamfunga kitambaa.

Saa saba tulipumzika bustanini ili kura ya kunipokea ipigwe. Kapteni akaniuliza mbele ya wote, "Ukimwona tena mama huyu njiani, utashuka?"

Jibu walilolitaka nililijua. Mama Nasra, aliyekuwa ametufuata kwa gari, alinikonyeza nikane.

"Nitashuka," nikasema.

Mikono ya kunikubali iliinuka mitatu tu. Kapteni aliniambia nijaribu tena mwakani. Iliniuma sana, ila sikumlaumu mtu, maana kiwiko cha watu nilikiona.

Alasiri nilirudi Maplewood katika gari la dukani la Mama Nasra, gurudumu limetokeza nyuma. Nilichojifunza ni kwamba adabu niliyolelewa nayo haingojei tarumbeta. Njiani Mama Nasra akasema:

"Ningejua, mwanangu, ningejificha nyuma ya mti."

"Ningekuona tu, mama," nilimjibu. "Na ningeshuka."