Shemeji Ndiye Anayejibu Barua Zangu za Chuo

Admin, naomba unifichie jina, na picha usiweke hata ya maua. Ninayemzungumzia anaufuata ukurasa huu na ana kawaida ya kusoma mpaka komenti.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Dar. Nimezaliwa Keko. Marehemu baba alikuwa fundi wa vitanda na makabati. Nimebaki na mama, ambaye ana presha, na dada yangu mmoja aliyeolewa. Mume wa dada ana steshenari huku kwetu Temeke. Mnazijua steshenari zetu: unakwenda kutoa kopi, unatoka umejaziwa fomu ya mkopo, ya kitambulisho na ya pasipoti. Barua pepe unafunguliwa hapo hapo, na paswedi inaandikwa kwenye daftari lake, siyo lako. Mimi msomi mzima nilimwachia kila kitu tangu kidato cha nne, kwa sababu ni shemeji. Huo ndio ujinga wangu, nitukaneni mmalize.

Mwaka huu chuo kilitangaza nafasi za kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja nje ya nchi, gharama zote juu yao. Nikaomba, shemeji akanijazia, nikachaguliwa. Mama alisomesha dua, majirani wakala pilau. Toka hapo kila nililopaswa kujua nimelisikia kwa mdomo wake. "Chuo kinasema usubiri." "Chuo kinataka pasipoti, niachie mie niiskani." Pasipoti haikurudi. "Chuo kinataka picha, shem. Vua hilo koti, simama wima." Mwezi uliopita akasema hosteli za kule zimejaa, ila nisihofu, ana rafiki yake wa zamani mwenye nyumba kubwa, atanipokea uwanja wa ndege. Nilimshukuru. Jamani, nilimshukuru!

Wiki iliyopita mwenzangu wa darasa, tuliyechaguliwa naye, akaniuliza, "Wewe wamekupa chumba namba ngapi?"

Nikamwambia hosteli zimejaa.

"Zimejaa wapi? Mie nimepewa zamani, na mwanafunzi wa kunipokea ameshanitumia picha yake. Kwani husomagi email?"

Nilicheka, nikamwambia ananitania. Akanionyesha barua yake kwenye simu. Kila kitu kimo: nani atakupokea, funguo za chumba utachukulia ofisi gani, bima inalipia nini, wiki ya kwanza utazungushwa vipi chuoni. Mimi sikuwa nimeona hata mstari mmoja.

Mchana huo nikaenda steshenari. Shemeji aliponiona alifurahi, akaniomba nimwangalizie duka akaswali, kama siku zote. Kompyuta ilikuwa wazi. Nikaingia kwenye barua pepe yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikasoma. Chuo kilinipa chumba. Aliyejibu kwa jina langu amekikataa, akaandika kwamba nina mjomba kule na sihitaji kupokelewa na mtu mwingine. Ndugu zangu, mama yangu amezaliwa peke yake. Huyo mjomba ametoka wapi?

Pembeni meseji za shemeji nazo zilikuwa wazi. Nikamkuta "mjomba", nikazikuta na zile picha zangu za kusimama wima. Mtu yule aliuliza kama nina mchumba. Kisha akauliza kama nina baba au kaka wa kunifuatilia. Shemeji akamjibu: "Baba hayupo, kaka hana. Kuna mama tu, na mama ananisikiliza mie." Nilizipiga picha mbili meseji hizo kwa simu yangu, nikafunga. Njia nzima nilikuwa nawaza nyumba yao mpya ya Mbweni, ambayo ukoo mzima tunaisifia, na hakuna aliyewahi kujiuliza tangu lini kopi zikajenga nyumba.

Kesho yake nikamfuata dada huko huko Mbweni. Ana mimba ya miezi saba. Nikamwonyesha zile picha, na hakushtuka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alinirudishia simu, akasema, "Mdogo wangu, labda anataka kukuoa tu huyo mtu. Nenda, ukifika humtaki, mkatae huko huko."

"Nimkatae pasipoti ikiwa kwa nani?"

Akaanza kulia. "Ukisema, mume wangu anafungwa, mie narudi Keko na tumbo hili, na mama presha inamchukua. Ndiyo utafurahi?"

Nilimwomba kitu kimoja tu, asimwambie mumewe kwamba nimeona. Aliapa, tena kwa huyo mwanawe wa tumboni.

Leo asubuhi shemeji kaja nyumbani kwetu na begi jipya. "Shikamoo mama." Akamwambia mama chuo kimebadilisha tiketi, sasa naondoka Jumapili hii badala ya mwisho wa mwezi, na mwenzangu atanifuata baadaye. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Shemeji akanigeukia, akaniambia kwa upole kabisa, "Na hiyo simu yako nipe, shem, nikaisafishe, nikuwekee na laini ya kule."

Nimedanganya kwamba iko chaji kwa shoga yangu. Akatabasamu, akasema hana haraka, ataipitia baada ya magharibi.

Ndiyo hii ninayoandikia. Mama yuko chumbani anazikunja nguo zangu na kuzipanga kwenye lile begi huku anaimba. Dada nimempigia mara sita, hapokei.

Admin, tafadhali irushe sasa hivi, usisubiri zamu. Na nyie mnaosoma, msinicheke, nisaidieni mawazo kabla jua halijazama: akija, simu hii nimpe yeye, au nimpe mama azione zile meseji?