Vipando Mlangoni

Siku ya majibu ya vipimo vya kwa nini mimi na mke wangu hatupati mtoto, daktari alifunga mlango, tukabaki naye mimi na baba yangu katika chumba kisicho na dirisha. Baba analima zabibu Hombolo, na alikuwa amekataa katakata kusubiri nje.

"Kwenye korodani kuna seli shina," daktari aliniambia. "Zinajigawa, nyingine zinabaki kuwa shina, nyingine zinageuka mbegu. Ndiyo maana mwanaume hutoa mbegu hadi uzeeni. Dawa ya saratani uliyopewa utotoni iliua shina lenyewe."

Nikauliza kama zinaota tena. Akasema kwangu hapana. Siku hizi, nchi za nje, wanakata kipande kidogo cha korodani ya mtoto kabla ya dawa, wanakigandisha, wakitumaini kumrudishia akikua. Bado wanajaribu.

Baba akauliza taratibu, "Kumbe tulitakiwa kuweka vipando kwanza?"

Kwetu hakuna anayeng'oa mzabibu kabla ya kukata vijiti vya kupanda upya.

"Wakati ule hatukujua, mzee," daktari alijibu.

Tangu siku hiyo, kila tukipogolea, baba hufunga mafungu ya vipando na kuyaegemeza mlangoni kwangu. Shamba limejaa, hakuna pa kuvipanda. Kila asubuhi namwamkia shikamoo huku natamani kuviwashia moto, lakini nyumba yake inatazamana na yangu, na huwa ameketi barazani akiviangalia. Vinakauka hapo hapo.

Mke wangu amezoea kuviruka.