Pua ya Clive Hogben

Ukiingia kwa Clive mchana, jua likiwa limefika kwenye dirisha kubwa la mbele, huna haja ya kuagiza upesi. Baa yenyewe ni chumba kimoja tu, na ukutani bado kuna droo ndogondogo za mbao za marehemu shangazi yake, aliyeuza sufu na vifungo hapa kwa miaka arobaini. Droo iliyoandikwa "Vifungo vya Pembe" ina karanga. "Utepe Mweupe" ina karata. Hakuna muziki wala televisheni, na ukitoa simu Clive anakutazama mpaka uirudishe mfukoni kwa hiari yako. Tunakaa kwenye mabenchi tukielekeana, magoti yanakaribia kugusana. Maneno yanakuja, yanakwenda, na kuna nyakati sote tunanyamaza pamoja tukitazama vumbi likielea kwenye mwanga. Nimepeleka barua katika mji huu mdogo wa jimbo la Kent, Uingereza, miaka thelathini na moja, na sijui mahali pengine ninapoisahau miguu yangu.

Clive mwenyewe ni mrefu, ana mabega ya mtu aliyezoea kuinama. Zamani alikuwa fundi wa gesi. Alikuwa akiingia nyumba ya mtu, anasimama ukumbini bila kusema, anavuta pumzi mara moja, halafu anakwenda moja kwa moja kwenye bomba linalovuja. Watu walimwita kwa pua yake kabla ya kumwita kwa jina. Shangazi alipofariki na kumwachia duka, kila mtu alidhani ataliuza. Yeye akaleta mapipa.

Bia anayouza ni ya pipa, bia iliyo hai bado, hamira yake ingali inafanya kazi ndani. Hufika imevurugika kwa safari, hivyo huilaza chumba cha nyuma, palipokuwa stoo ya sufu, siku mbili au tatu hadi itulie. Clive husema imelala, na humo ndani hutembea na soksi. Nimemwona kwa macho yangu, mtu mzima wa miaka sitini na minane, ananyata kati ya mapipa asije akaiamsha bia. Kila asubuhi, saa moja kabla ya kufungua, humimina kidogo kwenye bilauri. Kwanza huitazama dirishani, kisha huinusa, kisha huionja. Ikiwa sawa anatundika jina la bia hiyo mlangoni. Ikiwa si sawa, hata kama mlangoni kuna foleni, haiuzwi. Hiyo ndiyo heshima yake yote, na kwa ajili ya hiyo watu hupanda treni kutoka miji ya mbali kuja kukaa kwenye mabenchi yetu magumu.

Mwezi wa pili aliugua mafua makali. Alipoinuka kitandani, pua yake haikuinuka naye. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu asubuhi moja nilimkuta amesimama kando ya kibaniko chake cha mkate, moshi mweusi unapanda hadi darini, na yeye ananieleza kwa utulivu habari za mvua. Nikakizima. Akanitazama, nikamtazama, kisha tukaendelea na mvua.

Najua unachotaka kuniuliza. Kwa nini sikusema? Kwa sababu mimi ni mtu wa hapa. Huku kwetu kumtajia mtu jambo lake ni sawa na kumfungulia barua yake, nami sikuwahi kufungua barua ya mtu. Basi kuanzia Februari hadi Mei Clive alikuwa akipima bia kwa jicho tu, na kwa bahati jicho lilitosha.

Bahati iliisha Jumanne moja. Pipa lilikuwa limekaa wazi siku nyingi mno, hewa ikaliingia. Bia ilikuwa angavu, unaweza kusoma gazeti ukiipitishia macho, lakini ilikuwa imechacha. Nilipoinywa, taya zilinikaza. Clive alisimama mbele yangu na kitambaa begani, anangoja.

"Vipi, Glenda?"

"Nzuri sana," nikasema. "Kama asali."

Hiyo asali sijui ilitoka wapi. Kando yangu alikuwa Keith Pilcher, fundi bomba mstaafu, mtu ambaye hajawahi kunyamazia kitu chochote isipokuwa hiki. Akameza, macho yakamlengalenga, akainua kidole gumba. Bibi Sladden, mwenye miaka themanini na mitatu, akaendelea kufuma soksi yake na kunywa nusu painti yake, bilauri ndogo, taratibu, kama mtu anayekunywa dawa. Clive aliporudi nyuma, Keith akaninong'oneza, "Labda ni yale mayai." Kwenye kaunta kuna mtungi wa mayai yaliyolowekwa kwenye siki. Tukakubaliana kwamba ni mayai.

Jumatano ikawa mayai tena. Alhamisi mchana kulikuwa na joto, mlango uko wazi, sauti ya mtu anayekata nyasi inatujia kutoka mbali, nami nilikuwa karibu kusinzia. Keith akatoka na painti yake eti apate upepo. Clive naye akatoka kufuta dirisha.

"Keith," nikamsikia akisema. "Unafanya nini?"

"Namwagilia maua, bwana. Yamekauka."

"Kwa bia yangu?"

"Yana kiu."

Dirishani nikamwona Clive akikiinamia chungu cha maua. Halafu Clive akasema, polepole, "Yamekufa, Keith. Umeyamwagilia tangu lini?"

Keith akatazama viatu vyake. "Juzi."

Clive akaingia ndani na kitambaa kinachodondosha maji. Hakuniuliza mimi. Alikwenda kwa Bibi Sladden, akachuchumaa mbele ya benchi yake, magoti yakalia.

"Bibi Sladden, bia ikoje?"

"Nzuri sana, Clive, asante."

"Ulikuwa unakuja humu kwa shangazi nikiwa nimevaa kaptula. Niambie."

Bibi Sladden akaihesabu kwanza mishono ya mstari wake hadi mwisho, kisha akaweka sindano mapajani. "Ni siki, mwanangu. Tangu Jumanne."

"Lakini umeimaliza. Kila siku umemaliza."

"Ulikuwa unanitazama."

Clive akabaki amechuchumaa. Nilitamani mashine ya nyasi ile iendelee kunguruma, lakini nayo ilikuwa imezimwa. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba hanusi kitu tangu Februari. Hanusi gesi, hanusi sabuni, hanusi hata nguo za mama yake alizozihifadhi. Alidhani itarudi. Alidhani jicho litatosha. Mtu asiyeweza kujua anachowapa watu hana haki ya kuwapa. "Nafunga," akasema. "Jumamosi kuna wale wageni wa treni, siwezi kuwafukuza sasa. Baada yao nafunga, narudisha mapipa, nauza duka."

"Usiwe mjinga," Keith akasema akiwa mlangoni. "Tutakaa wapi sisi?"

"Mtakaa mnaposema kweli."

Iliniuma. Nikasimama, nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyapanga: nitakuonjea mimi, pua ninayo. Clive akageuka, na sijawahi kumwona ana hasira kama ile, hasira ya sauti ya chini.

"Wewe, Glenda? Keith alikaa kimya tu. Bibi Sladden aliona huruma. Wewe ulisema asali."

Nikaketi tena. Alibeba lile pipa mwenyewe hadi uani, akalimwaga lote kwenye mtaro, na sisi tulikaa tukisikiliza likitoka, glo, glo, muda mrefu. Nilikwenda nyumbani na aibu yangu.

Usiku huo nilifikiri juu ya maisha yangu ya "nzuri sana". Nzuri sana, nywele zako. Nzuri sana, kitoweo chako. Mume wangu, Mungu amrehemu, alipika mara mbili tu na mara zote mbili nilimshukuru, na hakujifunza kupika hadi kufa. Niliona kwamba nimewaacha watu wengi peke yao kwa njia hiyo, huku nikidhani nawafadhili.

Jumamosi asubuhi, saa tano, niligonga kwa Clive. Alinifungulia bila salamu, akaniacha nimfuate. Chumba cha nyuma kilikuwa baridi na kina nusu giza, mwanga mmoja tu mwembamba kwenye sakafu, na mapipa yamelala ubavu, yote matupu isipokuwa moja lililofunikwa magunia yenye maji ya kulipoza. Nilivua viatu bila kuambiwa. Pipa jipya lilikuwa limefika Alhamisi jioni. Lilikuwa moja tu, la wageni.

Alimimina kidogo, tukaenda nayo kwenye dirisha la mbele. Angavu. Rangi ya chai nyepesi, haina hata chembe. Nilimwona usoni jinsi jicho lake linavyofurahi, jinsi anavyotaka iwe sawa, apate siku moja ya mwisho ya heshima. Nje wageni walikuwa wameanza kufika, kumi na wawili au zaidi, wana mabegi mgongoni na madaftari ya kuandikia bia walizoonja, wanachungulia kwenye kioo na kutupungia mikono. Keith alikuwa anawaonyesha pa kukaa ukingoni mwa barabara kana kwamba baa ni yake.

Clive alinipa bilauri.

Nilinusa. Nikafumba macho nikanusa tena, nikanywa funda moja nikalikalisha mdomoni. Haikuwa mbaya. Mgeni asingejua, au angejua akakaa kimya kama sisi. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, lile lile la siku zote, limezoea kutoka lenyewe.

"Bado," nikasema.

"Inang'aa."

"Inang'aa, lakini inanuka hamira. Na mwishoni inakwaruza, hapa." Nikagusa koo. "Haijatulia, Clive. Bado."

Alitazama bilauri, akanitazama mimi. Akaipeleka puani mwake, akavuta pumzi kwa nguvu mpaka mabega yakapanda, akangoja. Niliona kwamba hakuna kilichomjia. Akaishusha.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na naogopa."

Halafu akaimwaga kwenye sinki, akavaa viatu, akajifuta mikono, akaenda kufungua mlango wa mbele. Wageni wote wakainuka pamoja wakitabasamu.

"Samahanini, mabibi na mabwana," Clive akawaambia. "Leo nina chai tu, na mayai. Bia mtarudi kuinywa wiki ijayo. Mwonjaji wangu anasema bado."