Alizeti Zimempa Jirani Mgongo

Kosa la wengi ni kudhani alizeti hufuata jua maisha yake yote.

Jirani yangu wa hapa Pasiansi alidhani hivyo mpaka leo jioni.

Mwaka jana alifyeka alizeti za marehemu mke wangu mpakani mwa viwanja vyetu, akaniambia: "Mzee, hiki si chakula cha kuku tu?" Mke wangu alizipenda kwa kuwa hutazama jua linakotokea, kama mtu asiyekata tamaa.

Nilipanda upya, palepale.

Leo ana sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Viti na mpiga picha kaweka upande wake, wa magharibi ziwani, akisubiri jua lishuke na maua yamgeukie.

Wapi! Akaja uzioni.

"Shikamoo mzee. Mbona hayageuki?"

"Marahaba. Hugeuka yakiwa machanga. Yakishakomaa, hutazama mashariki tu."

"Kwangu si migongo mitupu?"

"Nilijua tangu napanda."

"Basi tuje tupigie picha kwako."

"Bibi harusi apigwe picha kwenye chakula cha kuku?"

Geti sikufungua. Semeni nimezidisha, nitasoma maoni yenu nikinywa chai.

Ila kama uliwahi kufyeka ua la mtu, nenda leo ukamwombe radhi.