Siku Niliyosalisha Kisiwani

Watu wananiuliza kwa nini wakati wa sala ukifika mimi hutafuta safu ya mwisho kabisa, kule karibu na viatu, na wengine wameshakata shauri kwamba chuo kikuu kimenipunguzia imani. Nimewaacha waamini hivyo miaka yote, maana ukweli wenyewe unaaibisha zaidi ya ukafiri. Leo nitausema, lakini mkicheka chekeni polepole, mama yangu yuko chumba cha pili na mpaka leo hajui habari kamili.

Sisi ni watu wa Bagamoyo, wa Dunda. Marehemu Babu alikuwa akiuza boriti, na kwenye kisiwa kimoja kidogo kusini ya mji (ukisimama pwani ya Zinga unakiona) alijenga nyumba nne ndogo za mawe, zikaezekwa makuti, ili wakata boriti wake wapate pa kulala. Biashara ilipokufa Bibi akasema nyumba hazitaozea bure, na tangu hapo kila mwaka shule zikifungwa na kipupwe kikiingia, ukoo mzima unahamia huko na mikeka yake, sufuria zake, madebe ya maji ya kunywa (kisiwani hakuna kisima), kuku waliofungwa miguu, vitoto vinavyotapika njiani, na ugomvi wote ambao haukumalizika mwaka uliopita.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa chuo kikuu, na mnajua mwaka wa pili unavyomfanya mtu. Nilihoji kila kitu. Nilimuuliza Mjomba Saidi kwa nini wanaume wanakula kwanza. Nilimuuliza Mama Mdogo kama ana hakika kwamba kupiga mluzi ndani ya nyumba kunaita nyoka, na kama ana hakika, amewahi kumwona nyoka huyo? Bibi akaacha kuniita Idi, akanipa jina la Kwanini. “Mume wangu Kwanini,” ananiita (bibi zetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao, ni utani), “njoo unikande mguu, na usiniulize.”

Sasa jioni ya kwanza kisiwani Bibi akaniuliza yeye. Kwetu, binti akiposwa na mtu wa nje, kabla ya kumjibu huyo mposaji huulizwa kwanza binamu yake, mtoto wa shangazi yake, kama anamtaka. Akisema hamtaki, mgeni anapewa njia. Na binti alikuwa Rukia, mtoto wa Mjomba Saidi, na mtoto wa shangazi yake nilikuwa mimi.

“Kuna kijana wa Pangani anamtaka Rukia,” Bibi akasema. “Wewe unamtaka au humtaka? Sema, nijue la kumwambia Saidi.”

Jibu lilikuwa neno moja. Tangu utoto hakuna mtu aliyenichekesha kama Rukia, wala aliyenikatiza maneno kama yeye, wala sikuwahi kujifikiria mzee bila kumwona yeye pembeni akinicheka upara. Lakini je, nilisema neno hilo? Nilitoa hotuba. Nikasema mila ya kuwapa watu wanawake kama urithi wa minazi imepitwa na wakati, kwamba binti aulizwe mwenyewe, kwamba taifa jipya halijengwi kwa binamu kuoana, na katikati nikachanganya na Kizungu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mguu wa pili.

“Sijaelewa,” akasema. “Kanda na huu.”

Siku ya tatu kijana wa Pangani akafika. Rasmi alikuja kuwasalimia wazee, lakini hata kuku walijua kilichomleta. Aliitwa Haidari, karani wa benki, na kosa lake kubwa ni kwamba hakuwa na kosa. Nilimtafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Alikuwa mrefu. Alipiga goti kumshika Bibi mkono, “Shikamoo Bibi,” na Bibi akaitika “Marahaba mwanangu, marahaba” mara mbili, wakati mimi hunipa moja, tena nusu. Alileta mchele mzuri, halua, na redio ya betri yenye mfuko wa ngozi, na hakuishika yeye. Aliwakabidhi kina mama, wakae nayo upande wao! Mama yangu mzazi (mama yangu!) akasema mbele yangu, “Kijana ana adabu huyu, halafu mkimya.” Neno mkimya alilisema akinitazama.

Mimi wivu ukanishika, na si ule wivu wa kuimbwa, bali ule unaokufanya uhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mwenzio. Rukia akipita na jagi la maji, nilitazama anamnawisha nani kwanza. Rukia akicheka ndani ya nyumba ya wanawake, nilitaka kujua kacheka nini. Usiku nililala kwenye mkeka mmoja na Haidari, na hata kukoroma hakoromi.

Siku moja kabla ya kuondoka kwake Mjomba Saidi akasema kwamba baada ya Magharibi Bibi atatoa jibu. Nami nikaapa moyoni kwamba nikimaliza tu kusali nitamfuata Bibi, nitamwambia lile neno moja, bila hotuba, bila Kizungu.

Mchana ule Rukia alipika biriani kwa ule mchele wa Haidari. Harufu ilizunguka kisiwa chote. Nikakaa kwenye sinia na wanaume wenzangu, nikanyoosha mkono, ndipo Mjomba akasema, “Haidari, mchele wako huu, ahsante,” na mkono wangu ukakataa kwenda mbele. Nikasema tumbo halinitaki leo. Nikaenda nyuma ya jiko, njaa inaniuma, nikakuta sufuria ya mbaazi za nazi zilizolala tangu jana, nikazila zote peke yangu, zikiwa baridi, kwa ujeuri, nikijiona mtu mwenye msimamo. Hayo ndiyo maamuzi yangu madogo yaliyozaa mengine yote.

Alasiri tumbo likaanza kuzungumza. Kwanza kwa upole. Jua lilipokaribia kuzama lilikuwa linatoa hotuba kama ile yangu, na ningekuwa na akili ningetembea peke yangu upande wa pili wa kisiwa nikamalizana nalo. Badala yake nilitawadha kwa maji ya bahari nikasimama kwenye mikeka na wengine, maana sikutaka Haidari awe mahali ambapo mimi sipo.

Sala zote za kisiwani husalisha Mjomba Saidi. Jioni ile kifua kilikuwa kimembana kwa baridi, sauti imekauka. Akamgeukia Haidari, “Mwanangu, tusalishe.”

Na mimi, mtu wa kuhoji mila zote, nikasikia mdomo wangu ukisema, “Mjomba, mgeni hasalishi wenyewe wakiwepo.”

Mjomba akanitazama kama aliyemsikia mbuzi akisoma gazeti. “Wewe ndiye utasalisha?”

“Nitasalisha mimi.”

Haidari, kwa adabu zake zile zile, akasema, “Ni haki yake, mzee,” akarudi nyuma hatua moja, akasimama sawasawa mgongoni kwangu, karibu na Mjomba. Wanawake walikuwa nyuma kabisa, Bibi kwenye kigoda chake, Rukia kando yake, na redio imezimwa, imewekwa juu ya debe tupu pembeni ya mkeka wao.

Magharibi husomwa kwa sauti, na hilo ndilo lililonivutia: Rukia atanisikia. Nikachagua sura ndefu niliyoihifadhi chuo cha Kurani nikiwa mtoto, nikaivuta vizuri, nikaipamba, na katikati ikanipotea. Haidari akaninong’oneza neno linalofuata, kama inavyotakiwa kumsaidia imamu. Sikulipokea! Nikaliacha likining’inia, nikarukia sura fupi kuliko zote, ile wanayoanza nayo watoto wa miaka minne, nikarukuu.

Kurukuu, ndugu zangu, ni kuinama, na kuinama ni kulikunja tumbo. Rakaa ya kwanza niliipita kwa jasho. Ya pili nilipokwenda kusujudu, paji la uso chini na kiuno juu, udhu ukanitoka. Siwezi kusema zaidi. Sauti haikuwa kubwa, mawimbi yaliimeza kabla haijafika kwa wanawake, lakini safu ya mbele haikuwa na mawimbi. Nilimsikia Mjomba akibanwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha baridi.

Basi nikabaki pale chini nikiwaza. Bwenini nilikuwa bingwa wa kubisha: Mungu aliyeumba nyota ana haja gani na upepo wa tumbo la mtu? Sasa swali hilo hilo lilikuwa puani kwangu na sikuweza kulijibu. Nikiendelea, nitakuwa nimemsalisha bibi yangu bila udhu, yeye na magoti yake yanayouma, na yeye hatajua, nitajua mimi. Nikitoka, sheria yake inajulikana: imamu akipatwa, anamshika aliye nyuma yake na kumweka mahali pake. Na aliye nyuma yangu nani?

Nikawa nimesujudu. Nikaendelea kusujudu. (Bibi alisema baadaye alidhani nimekata roho, tena mahali pazuri.) Mwishowe nikainuka bila kusema neno, nikageuka, nikamshika Haidari mkono, nikamvuta mbele, na watu wakasikia takbira ikitoka kwa sauti nyingine, nzuri kuliko yangu, na wakainuka nayo.

Laiti ningetoka taratibu. Nilipita upande wa wanawake nimeinamisha kichwa nisimwone Rukia, upindo wa kanzu ukanasa kwenye lile debe, debe likalala, redio ikaangukia kitufe chake cha kuwashia na kuanza kupiga muziki wa dansi. Tarumbeta! Katikati ya sala! Nikaidaka, nikazungusha kitufe, nikakizungusha kusiko, akapaza sauti mwanamume mmoja akimlilia mpenzi wake arudi. Sikujua la kufanya ila kukimbia nayo. Nilikimbia kuelekea baharini nimeikumbatia tumboni kama mwizi wa tikitimaji, maji yamekupwa, mwani umetanda, yule mwanamume analia kifuani mwangu, nikateleza, tukaingia majini sote wawili. Yeye akanyamaza. Mimi nikatamani kuwa yeye.

Nilirudi kanzu inachuruzika, nimeshika redio inayotoa maji. Sala imekwisha, watu wamekaa mikekani wananitazama.

“Ndugu yangu,” nikamwambia Haidari, “redio yako...”

“Hapana neno,” akasema. “Kitu tu.” Na mdomo wake haukucheza hata kidogo. Ningefurahi angenipiga.

Bibi akaniita. “Mume wangu, njoo hapa mbele.” Nikaenda. Akanishika mkono uliolowa, akawageukia wote.

“Mmemwona huyu? Juzi nilimuuliza habari ya Rukia akanijibu maneno mia sikushika hata moja. Leo amenijibu. Amekaa mahali pa imamu, akaona kuna anayestahili kuliko yeye, akamshika mkono mbele ya ukoo mzima akamweka pale. Na redio ilipotaka kutuharibia sala, kajitosa nayo baharini na kanzu yake ya sikukuu. Nilikuwa nikisema mtoto huyu ana majivuno. Nilikosea.”

Mama akafuta machozi. Mama Mdogo akataka kupiga kigelegele, akakizuia kwa heshima ya sala. Nikamtazama Mjomba Saidi: kaufunika uso kwa kofia, mabega yanatetemeka. Nikamtazama Haidari: anatazama mkeka.

Nilikuwa na nafasi, jamani. Nilitakiwa kusema tu, “Bibi, sikumpa mtu kitu, ni mbaazi tu zilizonitoa,” na kila kitu kingerudi mahali pake. Wangecheka mpaka wavunjike mbavu, lakini Rukia angejua kwamba sikumkabidhi kwa mtu yeyote. Nikafungua mdomo, nikayaona macho yake.

“Ndivyo, Idi?” akaniuliza. Hakucheka. “Ndivyo ulivyokusudia?”

Alingoja. Alingoja zaidi ya mtu anayeuliza kwa adabu tu. Nami nikapima: nimwambie msichana huyu, mbele ya mama zangu wote, tumbo langu limefanya nini katika sijida, au nibaki hivi nilivyo machoni pake, mtu mwenye moyo mkubwa?

“Ndivyo,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akakunja mkeka aliokuwa ameusalia, akaingia ndani. Kigelegele kikatoka, safari hii bila kuzuiwa.

Harusi ilikuwa baada ya mfungo. Mimi ndiye niliyesifiwa kwenye ukumbi kuliko bwana harusi, na kila nikisifiwa Haidari alikuwa akinibinya bega kwa upole. Hajamwambia mtu mpaka leo. Nilimtafuta kasoro tena hapo, sikuipata. Tangu siku ile nimeapa mambo mawili. La kwanza ni hilo la safu ya mwisho. La pili ni kwamba mtu akiniuliza unataka au hutaki, namjibu hapo hapo, hata kama nimelowa, hata kama nanuka, hata kama ukoo mzima unasikiliza. Tatizo ni kwamba tangu Rukia hakuna aliyeniuliza.